Je, niuze kiwanja ili nimwonyeshe Mungu kwamba nampenda?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makambako. Nafanya biashara ya viazi mviringo. Nanunua vijijini kwa lumbesa kama wenzangu wote, napakia kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Mwaka jana tulihamia nyumba yetu wenyewe, ina vigae na geti, na Mungu ametujalia kiwanja kingine. Lakini tangu tuhamie, moyo wangu umebadilika. Nikiamka naangalia kwanza simu kama hela imeingia, ndipo nakumbuka kuomba. Jumapili nyingine natoka kanisani kabla ya mahubiri ili niwahi kupakia mzigo. Mhubiri mmoja aliyefanya mkutano hapa mjini alifundisha kwamba anayempenda Mungu kuliko mali atoe kitu kinachomuuma. Akaniambia niuze kiwanja, nilete fedha madhabahuni iwe mbegu. Mume wangu amekataa katakata. Usiku silali. Je, nampenda Mungu kweli, au navipenda vitu? Nitajuaje? Na je, ni dhambi kuweka akiba ya ada za watoto wakati kazi ya Mungu ina mahitaji?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Nakushukuru kwa kuandika waziwazi mambo ambayo wengi wetu tunayaficha hata kwenye jumuiya. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kiwanja msikiuze, angalau si kwa sababu hiyo uliyopewa. Nitakueleza kwa nini. Kisha nitakuomba turudi kwenye sehemu moja ya barua yako uliyoipita haraka, maana naamini swali lako kubwa linajibiwa pale kuliko kwenye kiwanja.

Mafundisho ya kutoa kinachouma mara nyingi huegemea habari ya yule tajiri aliyemjia Yesu. Tuisome jinsi Marko alivyoiandika, sura ya 10. Mtu yule alikuja mbio, akapiga magoti njiani mbele ya watu. Wengi waliopiga magoti mbele ya Yesu walikuwa wagonjwa au walikuwa na mgonjwa nyumbani. Huyu alikuwa mzima, ana mali, na bado alijua kuna kitu kimempungukia. Yesu akamtajia amri, naye akajibu kwamba amezishika tangu utoto. Hapo Marko anaandika neno ambalo Mathayo na Luka hawakuliandika: "Yesu akamkazia macho, akampenda." Ndipo likafuata agizo la kuuza vyote. Agizo lile lilitoka kwa mtu anayependa, kwa ajili ya yule anayependwa. Yesu aliona kilichomfunga mtu yule akataka kumfungua. Kama uliyoyasikia mkutanoni yamekuachia hofu tu na usiku wa kukodoa macho, una haki ya kujiuliza kama sauti hiyo inafanana na ya Yesu wa Marko 10.

Angalia pia fedha ile ilielekezwa wapi. "Enenda, ukauze ulivyo navyo vyote, uwape maskini, nawe utakuwa na hazina mbinguni, kisha njoo unifuate." Yesu alikuwa na wanafunzi kumi na wawili wa kulisha, na Yohana anatuambia walikuwa na mfuko wa fedha aliokuwa akiushika Yuda. Hakusema hata senti moja iingie kwenye mfuko ule. Maskini ndio walipaswa kupokea. Na ile ahadi ya mara mia inayotajwa sana katika mahubiri ya mbegu, iliyo mistari michache baadaye, ina maneno machache ambayo ni nadra kuyasikia yakisomwa kwa sauti: "pamoja na udhia". Waliopewa ahadi hiyo walikuwa watu walioacha nyavu na nyumba zao wakamfuata Bwana, na wengi wao waliishia kuuawa kwa ajili yake.

Tena agizo la kuuza vyote hakupewa kila mtu. Zakayo alitoa nusu, na Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Yoana, mke wa Kuza, wakili wa Herode, alibaki na uwezo wake akautumia kuwahudumia Yesu na wanafunzi, kama Luka anavyosema katika sura ya 8. Lidia, mfanyabiashara mwenzako, muuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira, alibatizwa pale Filipi, na nyumba yake ikawa mahali Paulo na Sila walipokaribishwa. Martha na Mariamu walikuwa na nyumba Bethania. Barnaba aliuza shamba. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa afanye kama mwenzake. Ukisoma Matendo 5 utaona Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Dhambi yake ilikuwa uongo. Kama mtume mwenyewe, katika siku za moto ule wa kwanza, alikiri kwamba mtu hakulazimika kuuza, hakuna mhubiri wa leo mwenye mamlaka ya kukulazimisha.

Halafu kiwanja si chako peke yako. Mmekipata ndani ya ndoa, na mumeo amesema hapana. Sadaka inayotolewa kwa kumkanyaga mwenzi wako inaanza vibaya kabla haijafika madhabahuni. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 9:7 kwamba kila mtu atende alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Huzuni ipo nyumbani kwenu, na lazima ipo pia. Mwambie mumeo kwamba umelisikia neno lake, na umwombe msamaha kama mlikwaruzana. Ikiwa siku moja ninyi wawili, kwa moyo mweupe na bila kelele za mtu, mtaona vema kukitoa kwa ajili ya yatima au zahanati, mtakitoa kwa furaha. Siku hiyo haiwezi kupangwa na mtu aliyepita mjini kwa mkutano.

Sasa tuingie kwenye kiini. Umeuliza: nitajuaje?

Swali hili lilisumbua kanisa la Afrika mapema sana. Mwishoni mwa karne ya 2, mjini Alexandria kule Misri, mwalimu Klementi alihubiri juu ya maneno hayohayo ya Marko 10. Washirika wake wengine walikuwa na mali, na waliposikia habari ya ngamia na tundu la sindano walikata tamaa, wakasema basi sisi tumeshaachwa, tule dunia. Klementi akawaambia jambo zito: mtu anaweza kujivua mali yote na bado akabaki na tamaa yake ileile moyoni, akateseka mara mbili, kwa kukosa alichokiacha na kwa kujutia kukiacha. Tena akauliza, kama kila mwamini akibaki mikono mitupu, nani atamlisha mwenye njaa kama Bwana alivyoagiza? Kwake, kitu cha kwanza kung'olewa ni ule mshiko wa mali ndani ya nafsi.

Miaka kama 70 hivi baadaye, nchi hiyohiyo ya Misri, kijana mmoja aitwaye Antoni aliingia kanisani wakati maneno hayo yakisomwa, mara hii kutoka Mathayo. Wazazi wake walikuwa wamefariki, wamemwachia mashamba mazuri na dada mdogo. Akayasikia kama yamesemwa kwake, akawagawia wanakijiji mashamba, akauza vingine akawapa maskini, akamweka dada yake kwenye malezi ya wanawake waaminifu, akaenda kuishi maisha ya sala. Kutokana na mfano wake watawa wengi walitokea jangwani.

Watu hukimbilia kumchagua mmoja na kumlaumu mwingine. Mimi nawahitaji wote wawili. Klementi ananizuia nisidhani kwamba kuuza kitu kunanunua moyo safi. Antoni ananizuia nisiyatumie maneno ya Klementi kama mto wa kulalia. Maana iko hatari kubwa ya kusema "moyo wangu hauko kwenye mali" huku hakuna kitu hata kimoja ambacho nimewahi kukiachilia kwa ajili ya Mungu. Mkono usiofunguka kamwe hauna ushahidi wa kile moyo unachodai.

Wa tatu katika kanisa hilo la Afrika ni Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Yeye alifundisha kwamba vitu alivyoumba Mungu ni vizuri na vinafaa kupendwa, na kwamba maisha huharibika pale mpangilio wa mapenzi unapopinduka, cha chini kikakaa juu. Katika mahubiri yake juu ya Waraka wa kwanza wa Yohana alitoa mfano wa bwana arusi aliyemtengenezea mchumba wake pete. Hakuna ubaya mchumba kuipenda pete. Lakini akisema, "Pete yanitosha, sina haja tena ya kumwona yeye aliyenipa," tutamwonaje? Pete ilitolewa ili katika pete apendwe mwenye kuitoa.

Nyumba yako, dada, ni pete hiyo. Vigae si dhambi, na geti si dhambi. Katika 1 Timotheo 6:17 Paulo anasema matajiri wasijivune wala wasiutumainie utajiri usio yakini, bali wamtumaini Mungu "atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha". Furaha ile uliyoipata siku ya kwanza kulala chini ya bati lako mwenyewe, baada ya miaka ya kupanga, ilikuwa zawadi. Kama uliwahi kujisikia una hatia kwa kuifurahia, iondoe hatia hiyo. Neno linaloihusu nyumba yako liko Kumbukumbu la Torati 8, ambapo Musa anawaonya watu kabla hawajaingia kwenye nchi nzuri: mtakapokula na kushiba, mkajenga nyumba nzuri na kukaa ndani yake, mifugo ikaongezeka na fedha ikaongezeka, angalieni moyo usiinuke mkamsahau Bwana, mkasema ni nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ulionipatia utajiri huu. Jangwani Israeli alinung'unika sana, lakini kila asubuhi alilazimika kutazama juu kwa ajili ya mana. Musa aliogopa zaidi siku ambayo ghala litajaa. Ulichokiona wewe tangu uhamie ndicho alichokisema, na kule kukiona kwako ni neema, kwa sababu anayesahau kabisa hana hata wazo la kuandika barua.

Watu wengi wanapojipima upendo wao kwa Mungu, wanapima msisimko. Wanakumbuka jinsi walivyolia kwenye maombi walipokuwa hawana kitu, wanalinganisha na ukavu wa sasa, wanahitimisha kwamba upendo umekufa. Kipimo hicho ni dhaifu. Mama hampendi mtoto kwa machozi ya kila siku, na kuna siku hata hajisikii chochote zaidi ya uchovu. Yohana anasema kumpenda Mungu ndiko huku, kwamba tuzishike amri zake. Hivyo ningependa uache kujiuliza "ninahisi nini?" na uanze kuuliza: Mungu na faida yangu wanapokutana njiani na njia ni nyembamba, nani hupisha? Siku nyingi hawagongani, na siku hizo hazikuambii kitu. Siku wanapogongana ndipo upendo unapoonekana, kwa Antoni, kwa Zakayo, na kwako wewe.

Ndiyo maana nataka turudi kwenye lile neno ulilolipita haraka. Umeandika kwamba unanunua kwa lumbesa kama wenzako wote.

Wewe unaijua kuliko mimi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu viazi vinaongezwa juu yake na kufungwa kwa kamba mpaka gunia linabeba kitu kama kichwa cha pili. Mkulima aliyeinama shambani tangu kupanda, akanunua mbegu, mbolea na dawa ya ukungu, analipwa kwa hesabu ya magunia. Kile cha juu hakihesabiwi. Akikataa, anaambiwa gari litakwenda kijiji cha pili, na viazi vyake vitaozea shambani. Wakala wa Vipimo unaipiga marufuku, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Lakini hata kama sheria ya nchi ingenyamaza, Maandiko hayajanyamaza. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Na katika ile orodha ya amri ambazo Yesu alimtajia yule tajiri, Marko peke yake anaandika "Usidanganye", amri ambayo haimo kwa maneno hayo katika zile kumi. Tajiri alipita juu yake upesi, akasema yote hayo ameyashika.

Kuna mahali katika Biblia ambapo mambo mawili ya barua yako yamekaa kwenye mstari mmoja. Amosi 8:5. Nabii anawasikia wafanyabiashara wa Israeli wakiwa kwenye ibada, mwili upo na akili iko sokoni, wanauliza mwezi mpya utaondoka lini na sabato itakwisha lini wakauze nafaka. Na papo hapo, bila kuvuta pumzi, anasema wanachezea vipimo na kudanganya watu kwa mizani. Amosi mwenyewe alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, mtu wa shamba, aliyajua masoko. Aliona kwamba haraka ya kutoka kwenye ibada na gunia lililozidi vinatoka kwenye chungu kimoja: hofu kwamba nikimpa Mungu nafasi yake, na nikimpa jirani haki yake, nitapungukiwa.

Hapo, dada yangu, ndipo ninapoamini Mungu anakugusa. Mhubiri alikuomba kitu kinachouma, akataja kiwanja. Kuuza kiwanja kungekuuma mara moja, ukapongezwa mbele ya watu, na Jumatatu gari lingerudi kijijini kupakia lumbesa kama kawaida. Moyo ungebaki palepale. Kuacha lumbesa kutakuuma kila wiki, bila makofi, na hakuna atakayejua isipokuwa mkulima, wewe na Mungu.

Zakayo ni ndugu yako katika hili. Luka haandiki kwamba Yesu alimtajia fedha. Alijikaribisha nyumbani kwake tu, na mtu yule aliyezoea kutoza zaidi akasimama mwenyewe akasema: nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Upendo wake mpya ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye namna alivyoipata mali. Jambo hilohilo lilitokea hapa kwetu wakati wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi na kazi nzuri ya afya katika serikali ya Buganda, alikutana Namirembe, Kampala, na daktari mmisionari Joe Church aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda. Wakasoma Neno na kuomba pamoja, na Nsibambi akaja kuiacha kazi ile akawa mhubiri. Uamsho ukaenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Bukoba na Kenya. Wazee waliokuwepo walisimulia kwamba alama ya mtu aliyeokoka ilikuwa kurudisha: mali ya bwana wake aliyoiiba, deni alilolikana, ng'ombe aliyempata kwa ujanja. Watu walipeleka vitu mchana kweupe mpaka kwenye mlango wa mwenyewe. Nyimbo zilikuja pamoja na malipo.

Niseme pia kwamba Uamsho huo ulikuwa na majaribu yake. Baadaye palitokea waliotaka kuufunga kwenye orodha ya makatazo ya mavazi na madeni, kana kwamba upendo kwa Mungu unaweza kuandikwa kwenye karatasi na kukaguliwa na wengine. Kwa hiyo sikuandikii sheria mpya. Nakuonyesha mlango mmoja ambao barua yako mwenyewe imeufungua.

Sitakudanganya kuhusu gharama. Wewe peke yako ukianza kununua kwa kilo huku wengine wakiendelea na lumbesa, kiazi chako kitafika Dar es Salaam kikiwa kimekugharimu zaidi, na mwenye kununua sokoni hatakulipa zaidi kwa sababu wewe ni mwaminifu. Kuna misimu utapata faida nyembamba. Sikuahidi kwamba Mungu atakurudishia mara mia kwa shilingi. Ninachoweza kukuahidi ni lile neno la Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa", ambalo limewekwa papo hapo penye onyo la kupenda fedha. Aliyeandika alijua kwamba nyuma ya kupenda fedha mara nyingi kuna woga wa kuachwa.

Anza kwa vitendo. Nenda na mzani kijijini, upime viazi mbele ya mkulima, umlipe kwa kilo. Wapo wakulima unaowajua kwa majina uliowanunulia msimu uliopita. Huwezi kumtafuta kila mtu wa miaka yote, lakini hao unaowakumbuka unaweza kuwaongezea kitu msimu huu na kuwaambia ni kwa nini. Kaa na mumeo mfanye hesabu kwanza, ili uamuzi huu usimwangukie kama ule wa kiwanja. Na wafanyabiashara wenzako wanaosali, hata wawili tu, waite mzungumze. Nimewahi kuona jambo lililoonekana haliwezekani kwa mtu mmoja likawa jepesi watu watatu walipokubaliana bei moja ya kilo.

Kuhusu Jumapili, mzigo upakiwe Jumamosi jioni au Jumatatu alfajiri. Panga na dereva. Ukikosa mteja mmoja kwa sababu hiyo, huo ndio mgongano niliokuambia, na umempisha Mungu. Kuhusu asubuhi, simu ilale chumba kingine, ununue saa ya kengele ya kawaida. Jambo dogo, lakini moyo hufuata mkono. Bwana alisema hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako, maana yake hazina hutangulia na moyo hufuata nyuma. Usisubiri moyo uwe moto ndipo utoe. Toa, ukae, uombe, nao moyo utakuja taratibu.

Na nyumba iweke kazini. Omba jumuiya ikutane kwako. Yule mjane wa mtaa wa pili anayeuza mboga, mwalike Jumapili mchana ale na watoto wako mezani, asipewe tu kitu getini. Siku ya mavuno kanisani kwenu, mnapofanya mnada baada ya ibada, nunua mkungu wa ndizi kwa bei ya juu ukampe yeye. Geti lako litabaki geti, ila litakuwa na watu wanaoingia.

La mwisho ni akiba. Kuweka fedha za ada si dhambi. Mithali 6 inamsifu chungu anayekusanya wakati wa mavuno, Yusufu aliweka nafaka ya miaka saba na kuokoa mataifa, na 1 Timotheo 5:8 ina maneno makali kwa mtu asiyewatunza walio wake. Yule tajiri wa Luka 12 aliyebomoa ghala ajenge kubwa zaidi hakuhukumiwa kwa kuwa na ghala. Msikilize anavyoongea: mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika hotuba yake yote hakuna mke, mtoto, kibarua, maskini wala Mungu, na akiba yake aliitegemea kwa "miaka mingi" ambayo hakupewa. Akiba yenye jina la mtu mwingine juu yake, kama ada ya mwanao wa kidato cha kwanza, ni utunzaji. Ikiwezekana, ndani ya akiba hiyohiyo ongeza sehemu ya mtoto mmoja asiye wenu, hata kama ni ya daftari na sare tu. Wewe na mumeo mchague pamoja ni nani, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani atawasaidia kumpata anayehitaji kweli.

Sala ya Aguri katika Mithali 30:8 isomeni pamoja usiku kabla ya kulala: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Msimu wa viazi ukianza, uniandikie wakulima walivyoupokea mzani.